Suruali ya Emlyn

Theluji ya mwaka ule ilianza kuanguka siku ya pili ya Krismasi, na kwa siku chache watu wa Aberwern, mji mdogo chini ya mlima, waliifurahia, kama wanavyomfurahia mgeni ambaye hawajajua atakaa mpaka lini. Watoto waliteleza juu ya masinia ya chai kutoka kanisani hadi darajani. Shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari furaha ilikuwa imekwisha. Mto umeganda, mabomba yamepasuka, na maziwa ya shule yaliganda ndani ya chupa mpaka malai yakapanda juu ya shingo ya chupa na kukaa pale na kifuniko kichwani, kama mzee aliyevaa kofia.

Menna alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwao ni Bryn, shamba la kondoo lililo mwisho kabisa wa njia ya mlimani, na huko aliishi na baba yake, Ifor, na mama yake Ifor, Bibi Leusa. Mama yake Menna alifariki zamani. Kaka yake, Emlyn, alikuwa amekwenda Liverpool kufanya kazi bandarini, na hakuonyesha dalili yoyote ya kurudi kushika kondoo. Siku za kawaida basi la shule lilipanda hadi nusu ya mlima kuwachukua watoto wa mashambani. Theluji ilipokaza, dereva akasema yeye ana mke na watoto, basi likaishia mjini. Watoto wa mlimani wakawa wanashuka kwa miguu asubuhi na kupanda kwa miguu jioni.

Miguu haikuwa shida. Shida ilikuwa sketi.

Sharti la shule lilikuwa sketi ya sufu ya bluu, inayopita magoti, na soksi ndefu. Mahali pengine njiani theluji ilifika mapajani. Pindo la sketi lililowa, kisha likaganda likawa gumu kama ukingo wa karai, na kwa kila hatua likasugua nyuma ya magoti, palepale, palepale. Wiki ya kwanza ngozi ya Menna ilikuwa nyekundu. Wiki ya pili ikapasuka. Jioni Bibi Leusa alimkalisha mbele ya moto, akampaka mafuta ya kondoo na kumwambia avumilie, maana wanawake wa Bryn wote walivumilia.

"Na wewe ulikuwa unakwenda shule, Bibi?"

"Shule ya wapi? Nilikaa hapahapa."

"Basi hukuvumilia njia. Ulivumilia jikoni."

"Mdomo huo," alisema bibi yake, akamkandamiza kidonda kwa nguvu pungufu kuliko ilivyohitajika, au zaidi. Menna hakuweza kupambanua.

Kila asubuhi kabla ya shule Menna alitoka na baba yake kutafuta kondoo waliofukiwa. Kwa kazi hiyo alivaa suruali ya zamani ya Emlyn, nzito, ya kahawia, iliyofungwa kiunoni kwa kamba. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyemwona. Akirudi huvua suruali, huvaa sketi, na safari ya kushuka huanza.

Jumatatu moja alirudi amechelewa. Sketi ilikuwa imetundikwa karibu na jiko, na ilikuwa bado mbichi toka safari ya kanisani jana yake. Aliigusa. Akaangalia magoti yake. Kisha akachukua mkoba akaelekea mlangoni, na suruali yake mwilini.

"Unakwenda wapi hivyo?" Bibi Leusa aliuliza.

"Shule."

"Na guo hilo la kiume? Upite mbele ya nyumba ya mchungaji wa kanisa umevaa hivyo, mtoto wa kike, watu watusemeje?"

"Watasema Menna hana vidonda."

"Ifor," bibi alimgeukia mwanawe, "wewe ndiye baba yake."

Ifor alikuwa anakunywa chai amesimama, buti zake zikidondosha maji sakafuni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alizoea kumpa mbwa. "Mpaka afike mjini atamwona nani, mama?" alisema. "Kondoo?"

Mjini walimwona. Uwanjani wavulana walimpangia mstari kama wanajeshi wanaomkagua jenerali. Gwilym, mtoto wa muuza nyama, alivua kofia akainama.

"Shikamoo, Bwana Menna. Mama hajambo?"

"Marahaba, mwanangu," Menna alisema bila kusimama. "Funga vifungo vyako, kuna wanawake hapa."

Wavulana wakamgeukia Gwilym kuangalia vifungo, na yeye mwenyewe akaangalia, na hapo Menna akapita. Lakini mlangoni alikuwapo Mwalimu Beynon.

Mwalimu Beynon ndiye aliyekuwa msimamizi wa wasichana. Alikuwa binti wa mchimba mawe wa bonde la pili, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, na alikuwa ameazimia kwamba msichana yeyote wa Aberwern aliyepita mikononi mwake asichekwe na mtu popote duniani. Hakuongea Kiwelisi, lugha ya watu wa huko, ndani ya shule, ingawa kila mtu alijua ndicho alichonyonya kwa mama yake. Aliongea Kiingereza tu, taratibu, kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Wasichana walimwogopa. Walimheshimu pia, ila hilo walikuja kulijua baadaye.

"Menna. Hicho ni nini?"

"Suruali, Madam."

"Msichana wa shule hii havai suruali."

"Theluji ina kina huko juu, Madam. Sketi inaganda, inanikata."

"Wenzako wanakuja na sketi."

"Wenzangu wengi wanakaa mtaa wa nyuma, Madam."

Mwalimu Beynon alimshusha macho toka juu hadi chini, hadi kwenye ile kamba ya kiunoni, na sauti yake ikapungua. "Sikiliza. Kuna watu huko nje wanaongoja tu tuonekane washamba. Mimi sitawapa nafasi hiyo."

"Lakini mimi ni mshamba, Madam," alisema Menna. "Natoka shambani."

Alirudishwa nyumbani. Alipanda mlima wote ule tena, na Bibi Leusa alipomwona mlangoni aliinua mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilisema?"

"Ulisema."

"Kesho?"

"Kesho nitakwenda tena."

"Na sketi?"

Menna alikwenda kulisha mbwa.

Jumanne alirudishwa tena, na safari hii hakupanda. Alizunguka nyuma ya jengo, akasimama chini ya dirisha la darasa lake, akatoa daftari na kuliegemeza ukutani. Bwana Parri alikuwa anafundisha jiografia. Bwana Parri alikuwa mtu mwembamba wa kikohozi, aliyevaa skafu ndani na nje, na kwa kawaida hakujishughulisha na ugomvi wa mtu yeyote. Aliandika ubaoni, akageuka, akaona kofia ya Menna ikichungulia juu ya kizingiti. Akaendelea kuandika. Akageuka tena. Kisha akaenda dirishani akalisukuma juu, lote.

Baridi iliingia kama maji. Karatasi zikaruka mezani.

"Tulikuwa kwenye jangwa la Sahara," alisema Bwana Parri kwa sauti kubwa, uso wake umeelekea nje. "Mchana mchanga huweza kuunguza mguu. Kuna anayesikia baridi humu?"

Darasa zima lilimtazama. Wengine walikuwa tayari wanavuta makoti.

"Nimeuliza. Kuna anayesikia baridi?"

Gwilym, aliyekaa jirani kabisa na dirisha na pua yake imeshakuwa nyekundu, ndiye aliyejibu. "Hapana, Mwalimu. Jua kali sana."

Basi wakasoma Sahara dirisha wazi, na baada ya Sahara wakasoma hesabu dirisha wazi, maana mwalimu wa hesabu alipotaka kulifunga aliambiwa limekwama, na watoto wote wakaapa kwamba limekwama. Menna aliandika mpaka wino ukagoma kutoka kwenye kalamu. Rafiki yake Nesta, binti wa daktari, alimpitishia penseli, na akamnong'oneza kwamba kesho na yeye atavaa suruali, waone walimu watafanya nini.

Jumatano Nesta alikuja na sketi. Alipomwona Menna alijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Menna alisikia uchungu, kisha uchungu ukageuka kitu kigumu zaidi, na akatembea juu yake mpaka mlangoni.

Mwalimu Beynon alikuwa anamngoja, na safari hii habari za dirisha zilikuwa zimemfikia. Hata waliokuwa wanarushiana mabonge ya theluji waliyashika mikononi yakawa yanawayeyukia.

"Unataka nini, Menna? Nikufukuze shule?"

"Nataka kuingia darasani, Madam."

"Njia unaijua. Vaa sketi."

"Sivai."

"Mimi," alisema Mwalimu Beynon, na kila mtu akasikia, "nilikwenda shule kwa miguu miaka yangu yote. Bonde zima. Mvua, theluji, na sketi. Sikufa. Sikuja kumlilia mwalimu."

"Sijalia, Madam."

"Inawezekana. Hicho ndicho ninachokwambia. Ukitaka, inawezekana."

Menna alikuwa ameandaa maneno mengi usiku wa kuamkia siku ile kitandani, maneno mazuri, na yote yakampotea. Yaliyobaki ni haya: "Basi twende, Madam. Leo. Mimi na wewe mpaka Bryn. Ukifika, mimi kesho nitavaa sketi."

Kuna mtoto aliyecheka kwa woga. Mwalimu Beynon angeweza kumpiga fimbo, au kumpeleka kwa mwalimu mkuu, na hakuna ambaye angeona ajabu. Lakini alikuwa mtoto wa mchimba mawe na alikuwa ameambiwa "twende" mbele ya watu.

"Ngoja nichukue koti," alisema.

Walipanda mlima. Mwanzoni njia ilikuwa imekanyagwa na Mwalimu Beynon alitembea mbele, mgongo umenyooka, kofia yake imebanwa kwa pini. Walipopita nyumba ya mwisho njia ikapotea kati ya kuta mbili za mawe, na theluji ikapanda. Menna akapita mbele kumfungulia njia, si kwa huruma, ila kwa sababu yeye ndiye aliyejua mitaro iko wapi. Alisikia pumzi ya mwalimu nyuma yake. Alisikia pia ile sauti aliyoijua, kitambaa kilichoganda kikigonga buti, tok, tok, tok. Hakugeuka.

Mara moja Mwalimu Beynon alitumbukia mpaka kiunoni, na akatamka neno la Kiwelisi ambalo halimo kwenye kamusi za shule. Menna alimpa mkono. Mwalimu alitazama ule mkono kitambo kidogo, akaushika.

Kwenye malisho ya juu walimkuta Ifor na mbwa. Mbwa alikuwa anaparura, na Ifor amelala kifudifudi, mkono wake wote umo ndani ya theluji. Hakuinua kichwa.

"Menna, piga magoti hapo, chimba. Na wewe mama, shika mti huu, usiuachie, ndio unaozuia shimo lisizibe."

Mwalimu Beynon aliushika mti. Theluji ilipoanza kuporomoka akatupa mti, akapiga magoti, akachimba kwa mikono yake yenye glovu za ngozi, mpaka pembe zikaonekana, kisha kichwa, kisha macho ya njano yaliyowatazama wote watatu kama watu waliokuja kuvunja mlango. Wakavuta. Ifor alimwambia mwalimu asiyeongea ila Kiingereza shuleni, kwa Kiwelisi, avute kwa makalio asivute kwa mikono, naye akavuta kwa makalio. Kondoo akatoka ghafla na Mwalimu Beynon akaketi chini kwenye theluji, na kondoo akasimama, akajikung'uta, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu Beynon alicheka. Menna hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha msichana. Halafu Ifor akamwona vizuri, akaona pini ya kofia, akajua ni nani, akaanza kuomba radhi, na kicheko kikakatika.

Nyumbani Bibi Leusa alimvua mgeni buti mwenyewe, akamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi na kumkatia mkate wenye zabibu. Sketi ilikuwa imekakamaa mwilini mwake kama ubao. Bibi aliinua pindo lake bila kuomba ruhusa, kama anavyomkagua Menna, na akatazama nyuma ya magoti ya mwalimu. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye soksi.

"Mara moja tu hiyo," alisema Bibi Leusa. "Ulipanda mara moja."

"Nimefika," alisema Mwalimu Beynon. Sasa alikuwa anaongea Kiwelisi, na sauti yake ilikuwa nyingine, nzito kidogo, ya watu wa bonde la pili. "Nilimwambia inawezekana. Nimefika."

"Umefika, ndiyo. Kesho tunakungoja. Na keshokutwa. Na Jumatatu." Bibi alichukua kopo la mafuta. "Mimi nilikuwa upande wako, mwalimu. Wiki tatu nampaka mtoto huyu mafuta na namwambia avumilie. Sikumwuliza anavumilia kwa ajili ya nani. Nyoosha mguu."

Mwalimu Beynon alinyoosha mguu. Alikunja uso mafuta yalipomgusa. Menna alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo, na akagundua kwamba hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alitaka kumwona ameshindwa. Alichokiona ni mwanamke mwenye vidonda, anayekula mkate kwa haraka kwa sababu ana njaa.

"Watu wa nje wakija kutukagua," Mwalimu Beynon alisema, akiutazama moto, "wanaandika tulivyovaa kabla hawajaandika tunachojua. Nimeyaona kwa macho yangu. Mama huyu hajui, mtoto huyu hajui. Mimi najua."

"Waache waandike," alisema Menna.

"Wewe ni mdogo."

"Ndiyo, Madam. Waache waandike."

Ifor alitoka chumbani na suruali nyingine ya Emlyn, ile ya Jumapili, imekunjwa vizuri. Akaiweka juu ya kiti kando ya mgeni, akaenda kuwaangalia kondoo. Mwalimu Beynon aliitazama suruali ile muda mrefu. Kisha akaomba buti zake.

"Utashuka na hiyo sketi?" Bibi Leusa aliuliza.

"Nilipanda nayo."

"Hee," alisema bibi. "Nilidhani kichwa kigumu kiko Bryn peke yake."

Alishuka nayo. Menna alimsindikiza mpaka mwanzo wa mji, na kwa mbali shule ilikuwa inatoka, watoto wamejaa barabarani, wote wakimwangalia mwalimu wao akija akichechemea, kofia imenyooka. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Hata Gwilym aliacha kutafuna.

"Nimefika Bryn," Mwalimu Beynon alimwambia Menna walipoagana, kwa Kiingereza tena. "Tulikubaliana nini?"

"Nikavae sketi, Madam."

"Vizuri."

Usiku ule Menna aliipiga pasi sketi. Asubuhi aliivaa, kwa sababu aliahidi, na chini yake akavaa suruali ya Emlyn, kwa sababu kuhusu hilo hakuahidi kitu. Alionekana kichekesho. Alishuka mlima wote namna ile, na mlangoni Mwalimu Beynon, aliyeegemea mkongojo, akamwangalia sketi, akamwangalia suruali iliyotokeza chini ya sketi, akamwangalia uso.

"Umechelewa, Menna."

"Ndiyo, Madam."

"Darasani."

Wiki iliyofuata wasichana wawili wa mashamba ya jirani walifanya vilevile, na baada yao Nesta, ambaye alikaa hatua chache tu kutoka shuleni na hakuwa na shida yoyote ya theluji. Nesta akaambiwa akavue. Alilia sana, na Menna alimpa leso yake, ingawa alichukua muda kidogo kuitoa mfukoni.

Theluji ilianza kuyeyuka mwezi wa Machi. Mto ukapasuka kwa kishindo kilichosikika mpaka Bryn, na kando ya kuta ikaonekana mizoga ya kondoo ambao Ifor hakuwapata. Majani yakaota. Mei, siku ya jua zuri kabisa, Menna alikuja shule na suruali, bila sketi.

"Theluji imekwisha," Mwalimu Beynon alisema.

"Nimeona, Madam."

"Basi sababu ni nini?"

Menna alifikiri. Angeweza kusema vidonda, lakini vilikuwa vimepona. "Naipenda," alisema.

Alirudishwa nyumbani. Alipanda taratibu, mikono mfukoni, ndege wakiimba kwenye kuta za mawe, na siku ya pili yake akaja tena na suruali na akarudishwa tena, mpaka baba yake akamwomba angalau ale chakula cha mchana shule kwanza ndipo agombane.

Mwezi wa Septemba, kwenye mkutano wa asubuhi wa kwanza wa mwaka mpya wa masomo, Mwalimu Beynon alisimama mbele ya shule nzima na kutangaza, macho yake yakiwa juu ya vichwa vyao, kwamba wasichana wanaotoka mlimani wanaruhusiwa kuvaa suruali kuanzia Novemba hadi Machi. Suruali ya bluu. Bila kamba. Watoto wakageuka kumtazama Menna. Yeye alikuwa ameshainua mkono.

"Nini, Menna?"

"Na Aprili, Madam? Mwaka jana kulikuwa na theluji Aprili."

"Mwaka jana hakukuwa na theluji Aprili."

"Ilikuwapo Bryn, Madam. Unakujua."

Bwana Parri aliingiwa na kikohozi kikali ikabidi atoke nje. Mwalimu Beynon alisubiri mlango ufungwe.

"Keti chini," alisema.

Menna aliketi, lakini hakufanya haraka.